Zulia la Savoy na Opereta Mbili Zilizotupwa

Tarehe 7 Machi 2026 ilitimia miaka 130 tangu The Grand Duke, opereta ya mwisho ya W. S. Gilbert na Arthur Sullivan, ionyeshwe kwa mara ya kwanza katika jumba la Savoy mjini London, na siku hiyo ilipita bila ya hotuba wala dhifa. The Mikado haipitiwi na mwaka ila ichezwe pahala fulani duniani, ilhali The Grand Duke, na ile iliyoitangulia, Utopia, Limited ya mwaka 1893, hazionekani ila kwa nadra. Mwenye shauku ya kuziona hana budi kuvizia mwisho wa juma mmoja wakati wa kiangazi cha Uingereza, apande treni ya London hadi Manchester, kisha nyingine ndogo ikweayo vilima kwa muda wa saa moja hivi mpaka Buxton, mji wa maji ya chemchemi ambamo mwaka 1994 liliasisiwa tamasha la kimataifa la kazi za watunzi hawa wawili. Jumba la opera la mji huo, lililosanifiwa na Frank Matcham na kufunguliwa mwaka 1903, ni dogo, lakini limenakshiwa dari na kuta zake kwa namna ambayo mtu aweza kusahau pazia kwa kutazama juu. Na humo ndimo opereta hizi mbili zimepata kuonyeshwa kwa heshima zilizonyimwa kwingineko.

Aliyenifungulia habari hizi ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ameziimba opereta za Savoy tangu ujana wake katika kikundi cha mji wake, pamoja na kitabu cha Hesketh Pearson cha mwaka 1935 alichoniazima, kimechakaa jalada na kujaa alama za penseli pembeni mwa kurasa. Mzee huyo ni mtu wa Gilbert kwa kila hali, na baada ya kumsikiliza asubuhi nzima ya Jumapili nami nimeelekea upande huo, wala sioni haja ya kuuficha.

Mwanzo wa ushirika wao unajulikana: Thespis ya mwaka 1871, ambayo muziki wake mwingi umepotea, Trial by Jury ya 1875, H.M.S. Pinafore ya 1878. Kisha jumba la Savoy, lililofunguliwa na Richard D'Oyly Carte tarehe 10 Oktoba 1881, likiwa jumba la kwanza la umma duniani kumulikwa lote kwa umeme. Na The Mikado ya 1885, iliyochezwa mara 672 mfululizo. Kisichojulikana sana ni jinsi neema yote hiyo ilivyokuja kuvunjwa na zulia.

Mkataba wa mwaka 1883 uliwafanya watatu hao, yaani Gilbert mtunzi wa maneno, Sullivan mtunzi wa muziki, na Carte mwenye jumba, kuwa washirika wa kugawana faida kwa thuluthi sawasawa, baada ya kutolewa gharama, zikiwamo kodi ya jumba na matengenezo yake. Desemba 1889 walifungua The Gondoliers, ikapokewa kwa shangwe kubwa, na Gilbert akasafiri na mkewe kwenda Bara Hindi akiwa na raha ya mtu aliyeiacha kazi yake mahali pema. Aliporejea, mwezi Aprili 1890, alitaka kuona hesabu. Karatasi alizoletewa zilionyesha kwamba kuutayarisha mchezo huo kumegharimu paundi 4,500, na miongoni mwa vitu vilivyoorodheshwa humo mlikuwa na zulia, wala halikuwa la jukwaani, ambako lingekuwa chombo cha mchezo, bali la ukumbi wa mbele wapitapo watazamaji wakiingia na kutoka. Gilbert alielewa kuwa bei yake ni paundi 500; baadaye ilidhihirika kuwa ni 140.

Gilbert alikuwa wakili katika ujana wake, naye alilishika jambo hilo kama wakili alishikavyo kosa la mkataba. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: jumba ni mali ya Carte, na mchezo ukiisha zulia litabaki kwa Carte, basi kwa haki gani mtunzi alipie thuluthi ya busati la nyumba ya mwenzake? Carte alijibu kwamba zulia ni katika matengenezo, na matengenezo yamo mkatabani. Walikutana ofisini wakatupiana maneno makali, na yasemekana Gilbert alimwambia Carte kwamba ameipiga teke ngazi aliyopandia. Ghadhabu ya Gilbert haikuwa ndogo, hilo mzee wangu mwenyewe alilikubali. Lakini alinishikilia mkono akinisisitizia kwamba mtu mwenye ghadhabu aweza pia kuwa na haki.

Mizani ya ugomvi ilikuwa mikononi mwa Sullivan, naye hakuwa huru. Kwa miaka mingi rafiki zake walikuwa wakimwambia kwamba mwanamuziki wa daraja yake, aliyepewa cheo cha Sir na Malkia tangu mwaka 1883, hapaswi kuumaliza umri wake kwa nyimbo za kuchekesha, na wakati huohuo Carte alikuwa akimjengea London jumba jipya kwa ajili ya opera kubwa, ambalo lingefunguliwa kwa Ivanhoe, kazi ya Sullivan mwenyewe. Akasimama na Carte. Shauri lilipofika mahakamani, alitia sahihi hati ya kiapo iliyosema kwamba hesabu haziwezi kufungwa kwa sababu ya gharama za kesi ya zamani ambazo bado hazijalipwa, na kauli hiyo haikuwa sahihi. Mwezi Septemba 1890 mahakama ilimwamuru Carte amlipe Gilbert paundi 1,000. Baadaye Helen, mke wa Carte, aliyekuwa ndiye nguzo ya ofisi ile, alikiri kwamba katika hesabu za taa za umeme pekee washirika walikuwa wametozwa takriban paundi 1,000 zaidi ya haki. Zile taa zilizoipa Savoy fahari yake mbele ya dunia zilikuwa zikiwanyonya watunzi wake! Gilbert alimtaka Sullivan aikanushe hati ile ya kiapo, Sullivan akakataa, na hapo ndipo palipokatika kitu ambacho hakikuungika tena.

Ivanhoe ilifunguliwa tarehe 31 Januari 1891, ikachezwa zaidi ya mara 150, lakini ilipokoma hapakuwa na opera mpya iliyo tayari kuifuata; jumba likauzwa, na leo ni Palace Theatre. Mchapishaji wa muziki Tom Chappell akasimama katikati ya mahasimu, wakapeana mikono, na tunda la suluhu hiyo likawa Utopia, Limited.

Naam, hii ndiyo opereta niliyoiendea Buxton, na sijutii hata senti moja ya nauli. Mfalme Paramount anatawala kisiwa cha Bahari ya Kusini akichungwa na wazee wawili wenye hekima, ambao wakimshuku watamkabidhi kwa ofisa wa kulipua wafalme kwa baruti. Na wazee haohao humlazimisha aandike gazetini kashfa dhidi yake mwenyewe. Binti yake Zara anarudi kutoka masomoni Uingereza akiwa na wataalamu wa kila fani, na mmoja wao, mwenye kuanzisha makampuni, anaigeuza nchi nzima kuwa kampuni yenye dhima yenye kikomo, pamoja na kila raia wake. Mageuzi yanafaulu mno: hakuna vita, hakuna maradhi, mawakili na madaktari wanalala njaa, watu wanaasi. Ndipo Zara anapokumbuka kwamba amesahau serikali ya vyama, ambavyo kila kimoja hutengua alichofanya mwenzake, na kwa dawa hiyo kisiwa kinatulia.

Opereta hiyo ilifunguliwa tarehe 7 Oktoba 1893. Siku hiyohiyo Mombasa na pwani yake zilikuwa zikitawaliwa na kampuni ya biashara, Imperial British East Africa Company, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888 na kushika nchi kwa mapatano na Sultani wa Unguja, mpaka serikali ya Uingereza ilipoichukua mwaka 1895. Sidai kwamba Gilbert aliifikiria Mombasa alipoandika; lakini mtazamaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa mzaha ule.

George Bernard Shaw aliusifu muziki wa Utopia kuliko wa opereta zote zilizoitangulia hapo Savoy. Hata hivyo ilichezwa mara 245 tu, nayo ilikuwa ghali kuliko zote kuitayarisha. The Grand Duke, yenye waasi wanaotambuana kwa kula mkate wa soseji na sheria inayomhesabu hai kuwa maiti kwa kushindwa karata, ilikoma baada ya mara 123. Watunzi hawakufanya kazi pamoja tena. Sullivan alifariki Novemba 1900.

Kampuni ya D'Oyly Carte, iliyohodhi haki za maonyesho ya kulipwa nchini Uingereza mpaka mwisho wa mwaka 1961, iliwaacha watoto hawa wawili wa mwisho yatima. Utopia ilirejeshwa Savoy mwaka 1975, kwa onyesho moja tu, na The Grand Duke ikaimbwa tu bila ya mavazi wala mandhari. Kampuni yenyewe ilifungwa mwaka 1982. Tangu hapo zimebaki mikononi mwa vikundi vya wapenzi, na mara mojamoja kampuni kubwa huzikumbuka, kama Scottish Opera ilivyofanya kwa Utopia mwaka 2021. Huko ni kuutupa utajiri, na nchi iliyoupata ingepaswa kuona haya.

Nami nawaomba wafasiri wetu, na walimu na wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, waitwae Utopia, Limited na kuiimba kwa Kiswahili. Haki za maneno na muziki wake zilikwisha zamani. Hakuna wa kuombwa ruhusa wala wa kulipwa.