Mfuko wa unga nyuma ya shaba ya Katanga

Kila mara bei ya meka ya unga inapopanda katika masoko ya Lubumbashi, swali moja linarudi midomoni mwa wakaaji: namna gani mji unaotoa shaba kwa dunia nzima unangojea malori ya Kasumbalesa ili watu wake wapate bukari? Wengine wanalaumu wafanyabiashara, wengine wanalaumu serikali. Jibu lenyewe ni la zamani kuliko serikali zote tulizoziona. Ukifuata safari ya mfuko wa unga toka mwaka 1910 hadi leo, utaona ni nani hasa walibeba uchumi wa Katanga mgongoni.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Lakini shaba ilikaa ardhini hadi reli ilipofika Elisabethville mwaka 1910, ikitokea kusini, Rodezia. Mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi likayeyusha shaba ya kwanza, pale penye ile mumbunda ambayo wachoraji wetu wamechora mara nyingi. Reli ile ile iliyobeba shaba kwenda nje ilileta mahindi kutoka mashamba ya Rodezia. Sehemu hii ya Katanga ilikuwa na watu wachache na mashamba machache, na kila mfanyakazi aliyeletwa mgodini alikuwa mdomo mmoja zaidi wa kulisha. Kwa hiyo toka siku ya kwanza mchimbaji alisimama juu ya mabega ya watu wawili asiowajua: mlimaji wa mbali na mtu wa reli.

Wakubwa wa kampuni walilielewa jambo hilo mapema. Sehemu kubwa ya malipo ya mfanyakazi haikuwa franka. Ilikuwa posho: unga, maharagwe, samaki, nyama kidogo, chumvi, mafuta ya mawese. Tuseme wazi maana yake. Unga ukiwa rahisi, mfanyakazi ni rahisi. Unga ukipanda bei, faida ya shaba inapungua. Ndiyo maana kampuni haikupenda kuishi milele kwa mahindi ya Rodezia. Reli ya BCK ilipofika Bukama mwaka 1918, kisha Port-Francqui (leo Ilebo) mwaka 1928, ilifungua njia kwenye ardhi nzuri za Kaniama, Lomami na Kasai. Treni zikaanza kushusha vitu viwili kusini: watu wa kufanya kazi na mahindi ya kuwalisha.

Mlimaji hakuulizwa anataka kuuza kwa bei gani. Toka mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kulazimisha watu kulima mazao iliyoyachagua yenyewe. Bei ilipangwa chini, na asiyelima alipata faini, jela au fimbo. Vitabu vingi vinasifu nyumba za matofali za kambi za Union Minière, hospitali zake na shule zake, na kweli vitu hivyo vilikuwepo. Ni vichache vinavyosema kwamba sehemu ya gharama yake ililipwa na mwanamke wa Lomami aliyeuza mahindi yake karibu bure.

Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha mtindo. Wanaume walikuwa wakikufa sana kambini kwa kuhara na magonjwa ya mapafu, na waliobaki hai walirudi kwao baada ya miezi michache, kazi haijawaingia mikononi. Kampuni ikaleta mkataba wa miaka mitatu, ikawaruhusu kuja na mabibi na watoto, na hao nao wakapewa posho. Hapo ndipo kampuni ilipoanza kuonekana kama baba na mama wa watu. Watoto waliozaliwa kambini hawakujua kijiji. Walijua king'ora cha kazi na siku ya posho.

Baba huyo alionyesha sura yake ya pili haraka. Bei ya shaba ilipoanguka kwenye masoko ya dunia baada ya mwaka 1929, Union Minière iliwarudisha makwao zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake, wengine hadi Ruanda-Urundi walikokuwa wametolewa miaka michache tu mbele. Kambi zikawa kimya. Treni zikapungua, na mlimaji aliyelazimishwa kulima mahindi akakosa mnunuzi. Mtu wa kijijini ambaye hajaona hata kipande cha shaba alijua kwa njia hiyo kwamba bei yake imeshuka Ulaya.

Halafu ikaja vita. Shaba ya Katanga ilitakiwa kwa risasi na mizinga, kazi ikaongezwa, nguo na vitu vya dukani vikapanda bei, mshahara ukabaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi wa Jadotville, leo Likasi, na wa Elisabethville waliacha kazi. Tarehe 9, kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika. Makumi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, mmoja wa waliosimama kusema kwa niaba ya wenzao. Wazee wa mji walisimulia siku hiyo kwa watoto wao, na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliiweka kwenye picha zake za historia ya nchi. Kinachosahauliwa ni yaliyotokea vijijini muda mfupi baadaye: mwaka 1942 siku za kazi ya lazima kwa walimaji zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wa mgodini alipigwa risasi, wa shambani aliongezewa jembe, na vita ilikuwa ile ile.

Uhuru, kujitenga kwa Katanga, kurudishwa kwa nchi moja: hayo tunayajua sote. Tarehe 1 Januari 1967 Mobutu aliichukua kampuni kuwa mali ya serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa miaka kadhaa ilikuwa mfuko ambao serikali nzima ilichota ndani yake. Mfanyakazi wa Gécamines alikuwa mtu wa kuonewa wivu. Mshahara wake ulimlipa fundi cherehani, mwenye baa, mpiga picha, mwalimu wa jirani. Alipolipwa, mtaa mzima ulilipwa.

Kuanguka kulianza na reli. Mwaka 1975 vita ya Angola ilikata njia ya Benguela, na shaba ikaanza kuzunguka njia ndefu na ghali za kusini. Bei ya shaba nayo ilikuwa imeshuka. Gécamines iliendelea kutoa tani zaidi ya 400,000 kwa mwaka hadi kwenye miaka ya 1980, lakini pesa ya kutengeneza mashine ilienda kwingine. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka uliofuata ukaja uporaji wa miji. Kisha, mwaka 1992 na 1993, siasa ya chuki iliwafukuza watu wa asili ya Kasai. Walikaa wiki na miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingojea treni, na wengi, hasa watoto, walifia hapo hapo. Kati yao walikuwemo mafundi wa mgodi, watu wa reli na walimu. Waliowafukuza walisema kazi zitabaki kwa wenyeji. Zilibaki kwa muda gani? Kufikia mwaka 1994 uzalishaji wa shaba ulikuwa umeshuka chini ya sehemu ya kumi ya ule wa zamani.

Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika mwaka 2001 kitabu ambacho jina lake linasema yote: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Mshahara ulikuja ukiwa umechelewa miezi, halafu haukuja kabisa. Mwaka 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa jina la “kuondoka kwa hiari”. Hiari ya mtu ambaye hajalipwa muda mrefu, kila msomaji ataipima mwenyewe.

Nani alilisha nyumba hizo? Mabibi. Wanawake ambao kampuni ilikuwa imewahesabu kama midomo ya posho walitoka na meka, wakauza unga, mkaa, samaki wa Mweru, nguo za mitumba. Wanaume waliokuwa wakiendesha mashine kubwa walifuata nyuma na jembe, wakilima kando ya mji. Biashara ndogo, ile iliyodharauliwa siku za mshahara, ikawa ndiyo mshahara.

Leo shaba imerudi. Kongo inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka na ni ya pili duniani. Makampuni ni mengine, wengi wa wafanyakazi wako chini ya mikataba mifupi ya makampuni ya kati, na posho haipo tena. Reli imechoka, kwa hiyo mahindi ya Kaniama na Lomami yanafika Lubumbashi kwa shida, na Zambia ikifunga mpaka kwa mahindi yake, meka inapanda siku chache tu baadaye. Pale Kasumbalesa malori ya shaba yanajipanga kutoka, na malori ya unga yanajipanga kuingia. Katikati ya mistari hiyo miwili, mama mwenye sufuria anawauzia madereva wa pande zote bukari na sombe.