Mchungaji Asiyeruhusiwa Kubatiza

Aliye na Biblia karibu na afungue Yoeli 2, aya ya 28 na 29, asome polepole, kisha atusikilize. Leo twataka kuwasimulia habari za mwanamke Mwingereza, Anna Howard Shaw.

Alizaliwa Newcastle upon Tyne mwaka wa 1847. Alipokuwa na miaka minne jamaa yake walivuka bahari kwa merikebu kwenda Marekani, na baadaye wakakaa mji wa Lawrence, jimbo la Massachusetts. Mwaka wa 1859 baba yake alichukua ekari 360 za msitu huko Michigan. Yeye akabaki kazini mjini, akamtanguliza mkewe pamoja na watoto.

Walipofika walikuta kuta nne za magogo na paa. Sakafu ilikuwa udongo mtupu. Mahali pa mlango na madirisha palikuwa matundu tu. Mama aliingia, akatazama, magoti yakamlegea. Akaketi chini, akaufunika uso kwa mikono, akakaa hivyo saa nyingi bila kusema neno. Watoto hawakuwa wamewahi kumwona mama yao akikata tamaa. Hatutaki kumhukumu mzee Shaw, lakini akina mama waliowahi kuambiwa, “Tangulia shambani, nitakuja,” wataielewa siku ile kuliko sisi.

Anna alikuwa na miaka 12. Alichanja kuni, akalima kwa shoka palipokosa jembe, akasaidia kuchimba kisima. Alipopata nafasi aliingia msituni, akapanda juu ya kisiki na kuihubiria miti. Akiwa na miaka 15 alikuwa mwalimu wa shule.

Mwaka wa 1870 alihubiri mara ya kwanza mbele ya watu, katika kijiji cha Ashton. Jamaa yake waliona haya. Wakamwahidi kumlipia masomo ya chuo kama angeacha kuhubiri. Akakataa ahadi hiyo, ingawa hakuwa na fedha.

Mwaka wa 1876 aliingia chuo cha theolojia cha Boston, mwanamke peke yake darasani. Vijana wanaume wenye kibali cha kuhubiri walipewa vyumba bure, na chakula chao kiligharimu dola moja na senti 25 kwa juma. Anna alipewa dola mbili kwa juma akatafute chumba nje. Akapanga orofani kabisa, mahali pasipo na moto, na njaa ikamshinda hata akawa anapumzika njiani apandapo ngazi. Aliyemwona hapo ni kiongozi mmoja wa chama cha wanawake cha misheni. Mama huyo hakumpa shauri, alimtafutia dola tatu na nusu kila juma. Ndivyo Anna alivyomaliza masomo mwaka wa 1878.

Akapewa kanisa la East Dennis, kando ya bahari, kwenye wazee wengi waliokuwa manahodha. Aliwahubiria, akawazika wafu wao, akapatanisha waliogombana. Lakini mtoto alipoletwa kubatizwa, au siku ya Meza ya Bwana, ilibidi mwanamume aitwe kutoka kwingine, kwa kuwa Anna hakuwa amewekewa mikono. Kondoo walimjua mchungaji wao; sheria ya kanisa haikumjua.

Mwaka wa 1880 aliomba. Askofu Andrews wa Kanisa la Methodist Episcopal alimkatalia. Shauri lilipofika Mkutano Mkuu huko Cincinnati, wazee hawakukataa ombi hilo tu, bali waliwanyang’anya wanawake hata kibali cha kuhubiri. Twajiuliza kama walikuwa wamepita East Dennis hata Jumapili moja.

Kanisa dogo la Methodist Protestant ndilo lililompokea. Baada ya mabishano makali, aliwekewa mikono huko Tarrytown, jimbo la New York, tarehe 12 Oktoba 1880. Akarudi East Dennis, na sasa aliweza kubatiza watoto wa wale aliowachunga.

Baadaye alisomea udaktari, kisha akaongoza chama cha wanawake waliodai haki ya kupiga kura, tangu 1904 hata 1915. Alifariki tarehe 2 Julai 1919. Wamethodisti wa Marekani waliwapa wanawake haki kamili za uchungaji mwaka wa 1956.