Tarehe ya Mbegu Chotara ya Kitale

Katika nchi ya Trans Nzoia, mashariki ya mlima Elgon, umesimama mji wa Kitale, mahali ambapo zamani palipita misafara ya biashara, na ya watumwa pia, na ambapo reli ilifika mwaka 1926 ili kuchukua mazao ya mashamba ya walowezi. Wengi wautajapo mji huu hutaja malori yaliyosheheni magunia ya mahindi. Lakini kazi iliyoupatia heshima ya kudumu ni ile ya maarifa, yaani kuzalisha mbegu, na tarehe ya kazi hiyo yastahili kuandikwa, kwani ni miongoni mwa mifano adhimu ya Afrika Mashariki ya ilimu iliyotoka maabara ikawa riziki ya watu.

Mwaka 1955 mtaalamu Michael Harrison alianza kazi ya uzalishaji wa mahindi katika kituo cha utafiti cha Kitale, na mwaka uliofuata wakulima wa wilaya wakaunda Kampuni ya Mbegu ya Kenya, ambayo hapo mwanzo ilishughulika na mbegu za majani ya malisho. Kwa kuwa mahindi ya Kitale yalikuwa yamekwisha karibiana mno kwa nasaba, Harrison alisafiri hadi Amerika ya Kilatini, maskani ya asili ya zao hili, akarejea na mbegu za aina nyingi, mojawapo ikitoka nyanda za juu za Ecuador. Na hiyo ilipopandanishwa na mahindi ya Kitale, mwaka 1964 ikapatikana mbegu chotara iitwayo H611, iliyozaa takriban asilimia 40 zaidi ya mbegu bora iliyotangulia.

Kazi ya kuizalisha mbegu chotara shambani yataka uangalifu mkubwa. Mistari ya mahindi mama hupandwa kando ya mistari ya mahindi baba, mbali na mahindi mengine yoyote, na mbelewele zinapochomoza, vibarua hupita mstari kwa mstari wakizing'oa zile za mama kabla hazijamwaga chavua. Kwani mmea mmoja uliosahauliwa huweza kuzirutubisha ndevu za majirani zake, na mbegu ikapoteza nasaba yake bila ya jicho kulitambua hilo mpaka msimu wa pili. Zaidi ya hayo, uzao wa kwanza wa chotara ndio wenye nguvu, na mwenye kupanda mavuno yake mwenyewe huiona tija ikipungua, hata ikamlazimu kurudi dukani kila mwaka. Hapo ndipo utafiti ulipopata soko la kudumu, na hapo pia ndipo mkulima alipofungwa katika amana ya mtu asiyemwona.

Amana hiyo ilibebwa na wenye maduka. Wachuuzi wa Bungoma na vijiji vya jirani walizipanga pakiti za mbegu baina ya sukari na mafuta ya taa, na mwenye robo ya ekari akapata kiasi kinachomtosha, sawasawa na mwenye shamba kubwa. Mtafiti John Gerhart, alipoichunguza Magharibi ya Kenya katika miaka ya 1970, alibaini kuwa wakulima wadogo waliipokea mbegu chotara kwa kasi isiyopungua ile ya wakulima wa Marekani katika zama zao.

Baadaye Wakenya, akiwamo Festus Ogada, waliiendeleza kazi ya uzalishaji. Ikaja H614D mwaka 1986, ambayo ingali ikipendwa nyanda za juu, na makampuni mengine yakaota mizizi mjini humo. Mitihani nayo haikukosekana: mwaka 2011 maradhi hatari ya mahindi yaligunduliwa Bomet na kuenea, yakawarudisha watafiti kwenye kazi ya kutafuta mbegu yenye kuyastahimili, na walaghai walitia nafaka za kawaida katika pakiti za kughushi, hata leo mkulima hukwangua kibandiko cha pakiti, akaituma namba iliyofichwa kwa simu, ili ajue kama anunuacho ni halali.

Sasa zama nyingine zimeingia, za ufundi wa chembe ndogo mno uitwao nanoteknolojia. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kumeanzishwa kiwanda cha vipande vidogo vya elektroniki. Na Arusha, Askwar Hilonga alibuni chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembe hizo, likirekebishwa kwa kadiri ya uchafu wa maji ya kila mahali, akatunukiwa tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Wenye kuasisi kazi hizi wana cha kujifunza kwa Kitale, ambako mbegu ilitengenezwa kwa kufuata mwinuko na mvua ya nchi yake, ikauzwa kwa kipimo cha mnyonge, na kulindwa dhidi ya hila. Ugunduzi hauwi tasnia kwa utukufu wa maabara pekee. Huwa tasnia pale ambapo mtafiti, mzalishaji, mwenye duka na mkulima wametimiziana ahadi msimu baada ya msimu, na yeyote kati yao akikhini, hasara huwafika wote.