Kina cha Shimo: Baridi Yabisi Mbele ya Eksirei na CT

Picha ya eksirei iliyompa Wilhelm Röntgen umaarufu ni ya mkono: mkono wa mkewe, Anna Bertha, pete ikiwa kidoleni, uliopigwa mjini Würzburg, Ujerumani, Desemba 1895. Kwa waliokuja baadaye kuchunguza baridi yabisi hiyo ilikuwa heri, kwani ugonjwa huu huwahi kushambulia vifundo vya vidole na vya mikono. Tayari Augustin Landré-Beauvais alikuwa ameueleza mjini Paris mwaka 1800, na Alfred Garrod wa London akaupa mwaka 1859 jina la kitabibu ambalo haujaliacha. Hao walitazama kwa nje vidole vilivyovimba na kupinda. Eksirei ndiyo iliyoonyesha kwamba ndani yake mfupa unaliwa. Lakini pamoja na ujuzi huo ikaja imani iliyotawala sehemu kubwa ya karne ya 20: mfupa ukishatobolewa na baridi yabisi, haujizibi tena. Nashikilia kwamba imani hiyo ililelewa na chombo chenyewe, na kwamba CT, eksirei inayoupiga mwili vipande kwa vipande, iliitikisa kwa kuleta kipimo cha kina, wala si kwa ung'avu wa picha tu.

Filamu ya eksirei huubana mkono mzima kwenye bapa moja. Mfupa wa mbele na wa nyuma huangukia mahali pamoja, hivyo shimo lililo ubavuni huonekana, na lililo usoni au mgongoni mwa mfupa hufichwa na kivuli cha mfupa uliobaki mzima. Juu ya vivuli hivyo John Sharp alijenga mfumo wa alama mwaka 1971, na Désirée van der Heijde wa Uholanzi akaurekebisha mwaka 1989: kila kifundo hupewa alama kwa mashimo yake na kwa jinsi nafasi ya gegedu ilivyobana, jumla ya mikono na miguu ikiweza kufika 448. Ni mfumo uliofikiriwa vizuri, na majaribio mengi makubwa ya dawa yameutegemea. Hata hivyo ulikuwa daftari la hasara. Alama iliposhuka, ilikuwa rahisi zaidi kumshuku msomaji wa picha, au mkono uliolazwa tofauti kidogo, kuliko kuuamini mfupa.

CT nayo haikubuniwa kwa ajili ya vidole. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, alitengeneza mashine ya kuchunguza ubongo, na mgonjwa wa kwanza alipimwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London, tarehe 1 Oktoba 1971. Allan Cormack, aliyeanza kazi hiyo akiwa Cape Town, alikuwa amekwisha kuchapisha hesabu za kuunda picha ya namna hiyo miaka ya 1960, na mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel. Vidole vilisubiri hadi zilipokuja mashine ndogo za kupima mikono na miguu, ambazo huigawa picha katika chembe za mikromita 82. Watafiti wa Erlangen, mji wa Ujerumani uliokuwa ukitengeneza mirija ya eksirei tangu 1896, wakazielekeza kwenye vifundo vya vidole. Mwaka 2011 Stephanie Finzel na wenzake walionyesha kwamba kwa wagonjwa waliopewa dawa za kuzuia TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe, baadhi ya mashimo yalipungua kina, mfupa mpya ukijengeka chini kabisa, kwenye sakafu ya shimo. Kwa waliotumia methotreksati, dawa ya kawaida ya ugonjwa huu, peke yake, mashimo yaliendelea kukua.

Kuna atakayesema sifa hizo ni za dawa. Ni kweli kwamba bila kazi ya Ravinder Maini na Marc Feldmann, waliojaribu kuzuia TNF kwa wagonjwa wa London mwaka 1992, pengine pasingekuwa na ukarabati wa kutosha kuonekana. Tena mwaka 2003 Sharp mwenyewe, pamoja na wenzake, alikwisha kuchapisha ushahidi wa filamu kwamba mfupa huweza kujiziba. Lakini filamu ilitoa hukumu ya kubishaniwa. CT ilionyesha mfupa mpya umewekwa wapi na kwa kiasi gani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mashine kali huona mno. Hata watu wazima wenye afya hukutwa na mapengo madogo kwenye ganda la mfupa, mengine yakiwa njia za mishipa ya damu tu. Ndiyo maana watafiti walilazimika kukubaliana kwamba pengo lihesabiwe likionekana kwenye vipande viwili au zaidi vinavyofuatana, na katika pande mbili zinazokatana. Sioni kama hilo linaiangusha CT. Filamu nayo ilihitaji miaka mingi ya kukubaliana juu ya alama. MRI inabaki na nafasi yake, kwani huonyesha uvimbe ndani ya uboho, jambo ambalo CT ya kawaida haioni vizuri. Lakini katika majaribio ya dawa eksirei ingali mwamuzi mkuu, na shimo lililoanza kujaa kutoka chini huku mdomo wake ukibaki wazi huweza kupata alama ileile ya mwaka uliopita.