Kilatini Kilichobaki na Umoja Uliokatika

Wazee wetu wa Tlawi na Dareda waliijua Misa ya Kilatini tangu utoto. Waliitikia maneno ya padre wasiyoyajua maana, wakayashika moyoni. Hata Mtaguso wa pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa lugha za watu, si wote waliofurahi upesi. Na Kiswahili nacho, kwa Mwiraqw au Mbarabaig, ni lugha ya kujifunza! Basi twaulizwa: yeye aishikaye Misa ya zamani pasipo kubadili neno, si ndiye Mkatoliki hasa? Swali hili tusilidharau, kwa maana limetenga ndugu na ndugu.

Tutazame kwanza jirani zetu wa Nyanza, katika Kenya. Chama cha Legio ya Maria kilianzishwa na Frank Duff mjini Dublin mwaka 1921. Mwaka 1936 mjumbe wake, Edel Quinn, alifika Nairobi, akazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akiunda vikundi, ingawa kifua chake kilikuwa kigonjwa, hata akafariki mwaka 1944. Wajaluo wengi walikipenda chama hiki na rozari yake. Lakini mwaka 1963 Simeo Ondeto, pamoja na mwanamke kijana Gaudencia Aoko, aliyefiwa na watoto wawili kwa siku moja, walijitenga, wakafuatwa na makumi ya maelfu ya watu. Baadaye serikali ikawaandikisha kuwa kanisa lao wenyewe, Legio Maria.

Walitoka kwa sababu gani? Wengine hujibu kwamba ni ushupavu tu, kisha wakanyamaza. Sisi hatuoni hivyo. Mafundisho ya ubatizo yalichukua miaka. Mume wa wake wengi alikaa nje. Na mgonjwa aliyeogopa pepo na uchawi aliona kwamba hofu yake haisikilizwi. Aoko aliwabatiza watu bila kuwakawiza, akawaombea wagonjwa. Mwenye njaa hangoji mavuno ya mwakani. Hata hivyo Aoko mwenyewe hakudumu humo, kwa maana wanawake walizuiwa kazi ya upadre.

Nao waliotoka hawakuacha Kilatini. Walichukua rozari, kanzu za Misa na uvumba, wakajiwekea makardinali, na Papa pia. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ulitoa hati yake juu ya liturujia. Kanisa likageukia lugha za nchi, na waliojitenga wakabaki na Kilatini. Kama Kilatini peke yake kingeunganisha watu, hawa wangekuwa karibu na Roma kuliko sisi tusalio kwa Kiswahili.

Ugomvi wa Askofu Mkuu Marcel Lefebvre ni wa namna nyingine, kwa maana yeye aligombana na Mtaguso wenyewe. Alikuwa wa shirika la Roho Mtakatifu, lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Alifanya kazi Gabon, kisha akawa askofu mkuu wa Dakar. Mwaka 1970 aliunda Udugu wa Mtakatifu Pius wa Kumi, akaikataa Misa mpya na mafundisho ya Mtaguso juu ya uhuru wa dini. Mwaka 1976 alizuiwa kazi ya upadre. Tarehe 30 Juni 1988, huko Écône katika Uswisi, aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila ruhusa ya Papa, akidai kwamba haja yamlazimisha. Papa Yohane Paulo II akatangaza kwamba wametengwa na Kanisa.

Jambo lisilosemwa sana ni hili: mwaka uleule baadhi ya mapadre wake walikataa kumfuata. Walikwenda Roma, wakapewa shirika lao, Udugu wa Mtakatifu Petro, nao wakaruhusiwa kusoma Misa ileile ya zamani. Misa moja, Kilatini kimoja. Wa huku wamo katika umoja, wa kule sivyo.

Lefebvre alikufa mwaka 1991 pasipo kupatanishwa. Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI aliwaondolea adhabu wale maaskofu wanne, na mwaka 2015 Papa Fransisko aliruhusu waamini waungame kwa mapadre wao. Lakini mwaka 2021 Fransisko huyohuyo aliibana Misa ya zamani, akaagiza kwamba ruhusa yake itafutwe kwa askofu wa jimbo.