Ufugaji wa Vipepeo Usambara Mashariki

Kabla vipepeo hawajawa biashara katika milima ya Usambara Mashariki, zao la fedha lililotoka chini ya miti mikubwa ya msitu lilikuwa iliki. Ililipa, lakini kila palipopandwa vichaka na miche ya msitu ilifyekwa. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilipotangazwa mwaka 1997, vijiji jirani vilihitaji kipato kisichodai kukata kitu. Mfano ulikuwa Kenya: tangu 1993, wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke walikuwa wakifuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede. Amani ilifuata mwaka 2001.

Kazi yenyewe inaongozwa na maisha ya mdudu. Papilio dardanus, mmoja wa vipepeo wa misitu hiyo, hutaga yai mojamoja kwenye majani ya mimea ya jamii ya mchungwa. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo kinga yake. Akikua huwa kijani. Hujivua ngozi mara kadhaa kabla ya kuwa pupa. Dume ana mabawa ya manjano yenye mikia, ilhali majike wengi hawana mikia na huiga rangi za vipepeo wenye ladha mbaya ambao ndege huwakwepa.

Mfugaji hukamata majike wachache msituni, huwaweka katika banda la neti pamoja na mmea wao, kisha hukusanya mayai. Ugumu hauko kwenye vipepeo. Uko kwenye majani. Viwavi ni walafi, na kila aina ina mmea wake, hivyo mfugaji hulazimika kupanda miti ya msituni shambani kwake. Hapo ndipo mradi ulipofanikiwa kuliko mahubiri mengi ya uhifadhi.

Bidhaa iliyouzwa ilikuwa pupa, kwa sababu hali wala hasogei. Hata hivyo muda ni mfupi: baada ya wiki mbili hivi kipepeo hutoka. Pupa walilazimika kusafirishwa upesi kwenda Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo hai.

Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Vipepeo hawakusamehewa, na wafugaji wa Amani wakapoteza soko lao kuu.