Machela, Mashua na Simu: Kuwaokoa Watu wa Delta ya Rufiji

SOMO LA HISTORIA

(Somo hili lilisomwa redioni. Lisomeni tena darasani polepole. Mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate kwa kidole. Mwishoni kuna maswali ya kuzungumza pamoja.)

  

Leo tutasoma habari za mtu aliyelala chini hawezi kuinuka, na habari za watu wanaokuja kumnyanyua. Kabla hatujaanza, andikeni swali hili juu ya ukurasa: Mtu akipatwa na hatari ghafula huko Mbwera au Msala, saa nane ya usiku, ni nani mwenye kazi ya kumwokoa? Msijibu sasa. Tutalirudia mwishoni.

1. Nchi yenyewe

Fungueni ramani ya Tanzania. Tafuteni Mto Rufiji. Mto huu hupokea maji ya Kilombero, ya Luwegu na ya Ruaha Mkuu. Ukikaribia bahari, mkabala wa kisiwa cha Mafia, hugawanyika matawi mengi. Baina ya matawi hayo kuna visiwa vya tope na misitu ya mikoko, yapata hekta 53,000. Mahali hapo ndipo panapoitwa delta. Sehemu kubwa ya delta sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji.

Mkazi wa delta anajua kwamba barabara yake ni maji, na barabara hiyo hufunguliwa na kufungwa. Maji hujaa kwa muda wa saa sita hivi, kisha hupwa kwa saa sita nyingine. Yakijaa, mashua hupita. Yakipwa, mashua hukaa juu ya tope, na mwenye haraka na asiye na haraka wote hungoja.

Kumbukeni saa hizo sita. Tutazihitaji mbele.

2. Wakati wa vita

Mwezi Septemba 1914, manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza walikuwa na meli nyingi, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia katika matawi yale. Walingoja nje kwa miezi mingi. Hatimaye walileta manowari mbili zisizohitaji maji mengi, Severn na Mersey. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilipigwa hata ikaharibika, na mabaharia wenyewe wakaizamisha.

Tunajifunza nini? Mahali panapoweza kuificha manowari kwa miezi, panaweza kumficha mgonjwa pia. Mtu asiyezijua njia za delta atapita karibu na mwenye shida asimwone.

Vita viliendelea. Januari 1917 jeshi la Waingereza lilivuka Rufiji huko Kibambawe, mbali kidogo juu ya mto. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa mno. Mto ulifurika, njia zikageuka matope, chakula kikawa kichache. Malaria, kuhara damu na homa ya mapafu ziliua watu wengi kuliko risasi.

Wagonjwa na majeruhi walichukuliwaje? Walichukuliwa kwa machela, mabegani mwa watu, mpaka kwenye reli ya kati huko Mikese. Ilikuwa safari ya siku nyingi. Mtu mmoja juu ya machela alihitaji watu wanne wa kumbeba, na wengine wa kupokezana. Wabebaji hao walikuwa Waafrika wa jeshi la wachukuzi. Jina la Kariakoo, sokoni Dar es Salaam, linatokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo. Wanahistoria wanakadiria kwamba wachukuzi wapatao 100,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita vile. Wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na maradhi, njaa na uchovu.

Ndugu zangu, watu hao walikuwa hodari wa kubeba. Walibeba mizinga, unga na wagonjwa. Lakini nani aliwabeba wao? Mchukuzi alipoanguka njiani, mara nyingi hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kumwangalia.

Basi andikeni fundisho la kwanza: Kubeba mtu ni kazi moja, na kumwokoa ni kazi nyingine. Mabega peke yake hayatoshi. Hapana budi awepo mtu mwenye kuiangalia safari yote, tangu pale mgonjwa alipoanguka mpaka kitandani.

3. Askari wa zimamoto waligeukaje waokozi wa wagonjwa?

Msidhani kosa hilo lilikuwa la zamani tu, au la nchi maskini tu. Twende Marekani kidogo, kisha turudi Kibiti.

Katika mji wa Pittsburgh, mpaka miaka ya 1960, mgonjwa wa ghafula alichukuliwa na gari la polisi. Polisi walimtia nyuma na kukimbia hospitali. Njiani hapakuwa na mtu mwenye ujuzi wa kumtibu. Mwezi Novemba 1966 David Lawrence, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo, alianguka mbele ya watu mkutanoni. Alibebwa upesi, lakini bila matibabu ya kufaa njiani, na baada ya wiki mbili na zaidi akafa. Ndiyo kusema hata mkubwa wa nchi alibebwa bila kuokolewa.

Mwaka 1967 daktari Peter Safar na wenzake walianza kuwafundisha vijana weusi wa mtaa mmoja wa mji ule, wengi wao wakiwa hawana kazi. Kikosi chao kiliitwa Freedom House. Walijifunza kuzuia damu, kumsaidia mtu kupumua na kumtunza ndani ya gari mpaka hospitali. Watu waliodharauliwa wakawa mfano kwa taifa lao.

Miji mingine ikaiweka kazi hii mikononi mwa zimamoto. Kwa nini zimamoto? Sababu ni rahisi. Askari wa zimamoto huwa macho usiku na mchana. Vituo vyao vimetawanyika mjini. Wana magari, wana amri moja, na wamezoea kuitwa ghafula. Mwaka 1970 huko Seattle, daktari Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery waliunda kikosi cha zimamoto cha kutibu wagonjwa papo hapo.

Lakini viongozi wale waliona jambo jingine. Moyo ukisimama, dakika chache tu hutosha mtu kufa. Gari liwe na mbio namna gani, aliye karibu zaidi ni jirani. Kwa hiyo waliwafundisha raia wa kawaida kukandamiza kifua cha mtu aliyezimia ambaye hapumui. Hilo ni fundisho la pili: Kiongozi mwema wa uokoaji huwafundisha hata watu wasio askari wake.

4. Turudi nyumbani

Hapa kwetu zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri. Mwaka 2007 Bunge lilitunga sheria ya kuviunganisha viwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Angalieni neno la mwisho: uokoaji. Kazi ya jeshi hili si moto peke yake. Ni pia mafuriko, ajali za barabarani na maafa mengine. Namba yake ya simu ni 114.

Mafuriko ni jambo la zamani Rufiji. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha wakulima wengi wa bondeni kwenda vijiji vya mahali pa juu. Lakini shamba la mpunga liko bondeni. Kwa hiyo wakati wa kulinda ndege na nguruwe, watu wengi hushuka tena na kulala katika madungu. Mwokozi asiyejua hayo atakwenda kijijini, na watu wako shambani.

Njia ya kwenda kusini nayo ilikuwa na shida yake. Zamani magari yalivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Mto ukifurika, safari husimama, na mgonjwa aliye ndani ya gari husimama pia. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Daraja lile liliwafaa sana watu wa barabarani. Lakini visiwa vya delta havina daraja.

Mwezi Aprili 2024 maji yalifurika tena Rufiji na Kibiti. Nyumba na mashamba yalizama, na huko Muhoro watu walisafiri kwa mitumbwi mahali walipozoea kutembea kwa miguu. Mwezi Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani. Miezi ile ilitukumbusha kwamba chombo cha kuokolea watu wa Rufiji ni mashua kwanza, gari baadaye.

Kwa mama wajawazito na watoto wachanga kuna mpango uitwao m-mama. Ulijaribiwa kwanza kanda ya ziwa, Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 ukatangazwa kuwa wa nchi nzima. Mtu hupiga simu 115 bila malipo. Mpokeaji wa simu huuliza maswali, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Kama gari liko mbali, huita dereva wa kijijini aliyekwisha andikishwa, na dereva hulipwa na Serikali. Mwenye mgonjwa haulizwi nauli.

5. Kazi ya kiongozi

Sasa tuchukue mfano. Ni mfano tu, lakini wengi wenu mtautambua. Mama amejifungua kisiwani usiku. Mtoto analia vizuri, lakini damu ya mama haikatiki. Damu ya namna hiyo inaweza kumwua mtu kwa muda wa saa mbili hivi. Na maji ndiyo kwanza yameanza kupwa.

Rudini kwenye zile saa sita. Damu inataka saa mbili, na bahari inataka saa sita. Mashua nzuri haitasaidia, kwa maana imekaa juu ya tope. Katika saa ile, ushujaa hauwezi kuileta bahari. Mama huyu aokolewe na kazi iliyofanywa kabla.

Basi kiongozi wa uokoaji katika nchi ya namna hii ana kazi tano.

Kwanza, ajue saa za maji, za bamvua na za maji mafu, kama ajuavyo saa zake za kula. Mashua ya wagonjwa ikae mahali inapoweza kuelea hata maji yakipwa.

Pili, taarifa imfikie upesi. Kila kijiji kiwe na watu wanaojulikana wenye simu, na wajue mahali mtandao unapokamata.

Tatu, awafundishe manahodha, wavuvi, wakunga na walimu huduma ya kwanza.

Nne, apatane na zahanati na hospitali kabla ya hatari, ili mgonjwa akifika Kibiti asiambiwe angoje. Na mama mwenye hatari ashauriwe kuvuka mapema, akae karibu na hospitali, asingoje uchungu.

Tano, aandike. Simu ilipigwa saa ngapi? Mashua iliondoka saa ngapi? Mgonjwa alifika saa ngapi? Wataalamu wa uzazi husema mama hucheleweshwa mara tatu: nyumbani wanaposhauriana, njiani, na hospitalini anapongoja. Kiongozi asiyeandika saa hatajua ni wapi alipochelewa. Hapo ndipo kusoma na kuandika, kazi yetu ya kila jioni, kunapookoa maisha.

6. Kazi yetu sisi

Damu ikitoka katika jeraha, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachie kila mara kutazama. Mtu akiumwa na nyoka, mtulize, asitembee, usimchanje, usinyonye sumu, usimfunge kamba ya kukaza, mpeleke hospitali. Aliyezama akitolewa hapumui, mpulizie pumzi na kumkandamiza kifua, huku mwingine akiita msaada.

Turudi sasa kwenye swali letu. Ni nani mwenye kazi ya kumwokoa mtu wa Msala saa nane ya usiku? Jirani yake ni wa kwanza, nahodha ni wa pili, mpokea simu ni wa tatu, na daktari ni wa nne. Kiongozi ndiye anayewaunganisha wote hao mapema, ili usiku ule kila mmoja ajue zamu yake. Wachukuzi wa 1917 hawakuwa na mtu kama huyo. Sisi tunaweza kuwa naye, na tunaweza kumwuliza kazi yake.

MASWALI

1. Wachukuzi wengi wa vita vya 1914–1918 waliuawa na nini?
2. Kwa nini miji mingine iliwapa zimamoto kazi ya kutibu wagonjwa wa ghafula?
3. Andika namba ya Zimamoto na Uokoaji, na namba ya m-mama.
4. Katika kijiji chako, mashua ikikwama topeni, kuna njia gani nyingine? Zungumzeni, kisha mwandikieni mwenyekiti wa kijiji barua fupi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Machela: kitanda cha kubebea mgonjwa.
Bamvua: maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana.
Maji mafu: maji yanapojaa na kupwa kidogo.
Dungu: kibanda cha juu cha kulindia shamba.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.